Nilisimamisha gari njiani, mama akafariki. Nibaki kwenye ambulensi au nikaendeshe fuso?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, dereva wa gari la wagonjwa kwenye kituo kimoja cha afya wilayani Tandahimba. Nina mke na mtoto mmoja anayetambaa. Kabla ya hapa nilikuwa bodaboda, halafu nikapewa Noah ya mtu, nikawa nakwenda Mtwara na kurudi. Kazi hii ya sasa ni ya mkataba, nalipwa na halmashauri kwa mapato ya ndani, na mkataba unaisha mwezi wa kumi na mbili. Sijui kama utaongezwa.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita niliamshwa saa saba usiku. Mama amejifungua, mtoto mzima, lakini damu haikati. Rufaa ya Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara mjini. Tukaondoka mimi, nesi mmoja na mama mzazi wa mgonjwa. Barabara yetu unaijua Shangazi, mpaka uikute lami ya Mnivata umeshapigwa vya kutosha, na kuna michepuko ya wajenzi ambayo usiku huioni mpaka umeingia. Kwa giza lile ni kama saa mbili mpaka mjini.

Tulikuwa bado kwenye vumbi nesi akagonga kile kioo cha nyuma yangu. Akagonga kwa nguvu, akasema simama, njoo unishikie. Nikasimama, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma. Bibi ameshika tochi ya simu, mkono unatetemeka, mwanga wote unakwenda darini. Nesi mkono mmoja ameukandamiza juu ya tumbo la mgonjwa, dripu imekwisha, nyingine iko kwenye boksi na hawezi kuifikia bila kuachia. Akaniambia weka mkono wako hapa, chini ya kitovu, sugua ukikandamiza, usiachie mpaka niseme. Nikafanya. Tumbo lilikuwa laini, likawa gumu chini ya kiganja, nikipunguza nguvu linarudi kuwa laini. Glovu sikuvaa. Asubuhi iliyotangulia nilikuwa nimejikata kidole nikibadilisha tairi, lakini saa ile nani anawaza glovu. Nesi akafunga dripu, akachoma sindano, akasema haya, endesha. Sidhani kama zilifika dakika tano.

Tulipopita Naliendele nikaona taa za mjini, nikasema nyuma huko tumefika. Nesi hakuitika. Ligula walitupokea mlangoni na machela, daktari akamwangalia, akamfunika.

Tangu hapo kijijini kwao inasemwa dereva alisimamisha gari porini. Wengine wanasema niliishiwa mafuta, wengine eti nilikuwa naongea na simu. Juzi gulioni mama mmoja alimvuta mwenzake mkono akamwambia "huyo ndiye". Nesi ananiambia achana nao, lakini yeye hana ndugu kule. Mimi ndiko nilikooa.

Usiku nasikia kioo kinagongwa. Naamka, natoka nje, naenda kuangalia gari. Nikipangiwa safari ya Ligula natafuta sababu, nabadilishana na mwenzangu. Jioni napitia uraka kidogo, ile pombe ya mabibo, ndipo nilale. Mke wangu anasema nimekuwa mkali hata kwa mtoto.

Sasa mjomba wangu ana fuso mbili, anabeba korosho za vyama kupeleka maghalani. Msimu ndio unafunguliwa. Anasema njoo, hela ya miezi mitatu huku huipati kwa mwaka huko kwenu. Wakwe wanasema niende. Nesi anasema nisiende, nina mkono wa kazi, nikasome unesi au utabibu. Cheti changu cha fomu foo ni divisheni foo: Kiswahili C, Biolojia D, Kemia D, Uraia D, Fizikia F.

Niambie kweli Shangazi. Nilikosea kusimama? Na mtu kama mimi anaweza kuwa mhudumu wa dharura kweli, au niwaachie wenyewe nikaendeshe fuso?

Dereva, Tandahimba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Maswali yako nitayafikia, ila kuna jambo umelipitisha katikati ya barua kama halina uzito, nalo ndilo la kwanza kwangu. Kidole. Kidonda cha siku hiyohiyo, bila glovu, ndani ya damu ya mtu mwingine. Dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na afadhali ndani ya saa chache za mwanzo, halafu zinamezwa siku 28. Dirisha hilo limeshafungwa, basi kilichobaki ni vipimo. Kesho asubuhi nenda kwa mfawidhi wako, mkuu wa kituo, mweleze kama ulivyonieleza mimi, upimwe VVU na homa ya ini B, na urudie: VVU miezi mitatu ikitimia tangu usiku ule, homa ya ini miezi sita. Marehemu alikuwa na kadi ya kliniki, na wajawazito hupimwa. Mfawidhi ana namna ya kuangalia hilo kwa siri ya kazi. Wewe usiende kuuliza kwa ndugu.

Hatari ya jeraha la namna hiyo ni ndogo, sitaki uongeze jingine la kukukosesha usingizi. Lakini una mke, na mtoto wa kutambaa huenda bado ananyonya. Mpaka majibu yakamilike tumieni kondomu, na mwambie sababu yake. Ukinyamaza atatunga sababu mwenyewe, na atakayoitunga itakuwa mbaya kuliko hii.

Ukiwa hapohapo kwa mfawidhi, ulizia chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Nimefanya kazi ya uuguzi mkoani Lindi mpaka nikastaafu, na orodha za chanjo nimeziona: manesi wamo, matabibu wamo, dereva na mfanya usafi hawamo. Mtu anayebeba machela yenye damu anahesabiwa kuwa wa karakana. Dai yako. Na ajali ile iandikwe kwenye karatasi hata sasa, kwa sababu mfanyakazi wa mkataba naye yumo chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini Mfuko hauwezi kushughulikia habari ya mdomo. Boksi la glovu litoke nyuma likae mbele, mlangoni kwako.

Sasa kusimama. Hukukosea. Wala sikwambii hivi kukufariji. Nakwambia kama mtu aliyekaa kwenye kile kiti cha nyuma. Mji wa mimba wa mama aliyefika siku zake hupitisha nusu lita ya damu na zaidi kila dakika. Mtoto na kondo vikishatoka, kinachofunga ile mishipa ni misuli ya mji wenyewe kukaza. Usipokaza, damu inatoka kama ilivyokuwa inapita, na mama anaweza kwenda ndani ya saa mbili. Lile tumbo laini ulilolishika ndiyo hatari yenyewe, na lile gumu ndilo mlilokuwa mnalitafuta. Nesi alikuwa na mkono mmoja kwenye tumbo, na alihitaji miwili kwa ajili ya dripu na dawa. Kama ungeendelea kukanyaga mafuta, angelazimika kuachia. Dakika tano ulizosimama mgonjwa alipata dawa, maji na mkono usioteleza. Dakika tano za mwendo kwenye vumbi lile zingempa kilomita tatu au nne na matuta juu yake. Aliyefanya uamuzi ni nesi, ambaye ndiye mwenye mgonjwa, na uamuzi wake ulikuwa wa kitaalamu. Wewe ulimtii haraka. Alifariki kwa kuvuja damu, mbali na chumba cha upasuaji na mbali na benki ya damu.

Kuna jambo moja la kurekebisha, nalo ni la kupanga. Kusimama njiani kusiwe jambo la kushtukiza kwa kugongewa kioo. Kabla ya kuwasha gari, wewe na nesi semezaneni: nikigonga mara moja punguza mwendo, mara mbili simama. Ndugu anayepanda nyuma apewe kazi moja tu na aelekezwe kabla ya kuondoka. Yule bibi angefundishwa kushika tochi ielekee wapi, au angepewa chupa ya dripu aiinue, mngepata mkono wa tatu. Tochi ya kufunga kichwani inauzwa madukani mjini, bei yake haizidi ya pancha mbili tatu. Wasiliana na wa Ligula kabla hujafika kwenye vipande visivyo na mtandao, waanze kutafuta damu ninyi mkiwa bado njiani. Safari ikiwa imepitia 115 ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, yule wa kituo cha kuratibu anaweza kukusaidia kuwapata.

Na oksijeni. Hapa nisamehe, nitasema kidogo zaidi, maana ndiyo ugomvi wangu wa siku zote na magari ya wagonjwa. Nimepanda Land Cruiser yenye king'ora kizuri cha kuita watu dirishani, ndani yake mtungi umefungwa kwa mpira wa baiskeli na spana ya kuufungulia haipo, ameiazima fundi. Ule mtungi mdogo wa lita 680, ukiufungulia lita 10 kwa dakika, unakwisha baada ya saa moja na dakika chache. Safari yako ni ya saa mbili. Piga hesabu hiyo mchana, gari likiwa kivulini, siyo ukiwa Nanyamba. Nesi anabadilika kila zamu, gari ni lako siku zote, basi geji ya oksijeni iwe yako kama ilivyo ya dizeli. Dereva anayemwambia nesi "dada, huu mtungi hautufikishi" tayari ni mtu wa dharura, hata kama kitambulisho chake kinasema dereva.

Tuje kwa maneno ya watu. Kwenye elimu ya uzazi kuna mpango wa kufikiri ulioandikwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994, unaotumika mpaka leo kote duniani. Wanasema mama mjamzito huchelewa mahali patatu: kuamua kutafuta huduma, kukifikia kituo, na kupata huduma akishafika. Wewe umekaa pale pa katikati peke yake. Lakini kijijini wanachokiona ni gari na dereva. Hawakuona benki ya damu, hawakuona daftari la dawa, hawajui barabara imepasuliwa. Waliona gari limeondoka na mtu anayepumua. Kwa hiyo lawama zote zinapakiwa kwako, na wewe umezipokea zote.

Kila kifo cha mama kitokanacho na uzazi hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24, kisha wahudumu hukaa kukijadili: nini kilitokea, wapi palilega. Muulize mfawidhi kama kikao cha kifo kile kimekaa, na omba kusikilizwa. Madereva mara nyingi hawaitwi, wakati wao ndio wenye saa za kweli. Beba daftari la safari: simu iliingia saa ngapi, gari liliwaka saa ngapi, mlisimama wapi, mlifika saa ngapi. Kama hukuandika, kaa na nesi leo mziandike wakati mnakumbuka. Kikao kile hakitafuti mtu wa kumfukuza. Kikishamaliza, mwombe mfawidhi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji kile, aende na wewe kwa wafiwa. Usiende peke yako na usiende kujitetea. Nenda kutoa pole, hasa kwa yule bibi. Yeye alikuwemo garini, anajua gari lilisimama kwa nini na anajua ulikuwa unafanya nini. Neno lake moja pale kijijini lina nguvu kuliko barua ya mganga mkuu wa wilaya, na huenda hajalisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Usingizi. Kuona na kusikia tena kilichotokea, kukwepa njia ile, kuwaka kwa jambo dogo nyumbani: wiki za mwanzo hayo huwapata wengi walioshuhudia kifo cha namna hiyo, na kwa wengi hupungua yenyewe. Kwako mwezi umepita na bado unatoka nje usiku kuangalia gari. Sasa ni jambo la kwenda kuonwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina watu wa afya ya akili. Mwombe mfawidhi barua kama ambavyo ungeomba ya mgongo. Haina maana umerukwa. Sikushauri ulazimishwe kukaa kikao cha kusimulia yote mara moja mbele ya kundi, watafiti waliochunguza vikao vya namna hiyo hawakuona kwamba vinazuia tatizo. Mazungumzo ya mara kwa mara na mtu mmoja aliyefundishwa, pamoja na wenzako wa kazi wanaokuuliza "umelalaje", ndiyo yanayosaidia. Nesi wako naye muulize. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono pale mpaka mwisho, na kwenye barua yako yote anaonekana anakupa moyo wewe tu.

Uraka uache. Najua msimu umeanza na mabibo yamejaa kila uwanja, na sikuhubirii dini. Pombe inakulaza, kisha inakuamsha saa nane ndoto zikiwa mbichi. Na wewe ni mtu wa kuitwa saa yoyote. Ukiitwa saa nne usiku na uraka wa saa kumi na mbili kichwani, hapo ndipo kijiji kitakuwa na haki ya kukunyooshea kidole.

Umeuliza kama mtu kama wewe anaweza. Mwaka 1967 kule Pittsburgh, Marekani, ambako wagonjwa wengi walikuwa wakizolewa na gari la polisi bila huduma yoyote njiani, ilianzishwa huduma ya ambulensi iliyoitwa Freedom House. Walichukuliwa vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi hawana kazi, baadhi hawakumaliza shule. Daktari Peter Safar, mmoja wa walioasisi ufufuaji wa moyo na mapafu kama tunavyoufanya leo, ndiye aliyepanga mafunzo yao. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa Marekani kumtibu mgonjwa kitaalamu ndani ya gari. Mwaka 1975 mji ukaichukua huduma ile na kuwatendea vibaya wengi wao, ila hayo yana barua yake. Ninachotaka ukione ni kwamba fani hii, tangu mwanzo wake, imefundishwa kwa watu waliokuwa mtaani.

Huku kwetu fani ni changa na haijapangika barabarani. Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha pale Muhimbili, ikaanza wakati huo kufundisha madaktari bingwa wake. Ule mkopo wa IMF wa 2021, wa Sh trilioni 1.3, ulijenga majengo ya dharura kwenye hospitali nyingi. Mtwara tumepata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Rais Samia akaizindua Septemba 2023. Sisi tuliosindikiza rufaa za Muhimbili kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 tulikuwa tunapanga foleni ya pantoni Rufiji na mgonjwa ndani ya gari, mvua ikizidi mnarudi mlikotoka. Kwa hiyo mlango wa hospitali umeimarika sana. Kilichobaki nyuma ni kile kipande kabla ya mlango, na huko hakuna bingwa, kuna dereva na nesi. Ndiyo maana sitaki dereva mwenye mkono na akili ya kutii apotee hivihivi.

Anza na kilicho karibu. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza. Mwombe mfawidhi barua, halmashauri ikilipa vizuri, isipolipa jichange. Jifunze kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima. Jifunze kuzuia damu ya jeraha, kumlaza aliyezimia asikabwe na matapishi, kumnyanyua wa bodaboda bila kumpinda shingo. Iko pia kozi ya huduma ya msingi ya dharura iliyotolewa 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi ilikojaribiwa. Hiyo ni ya wahudumu wa afya, ila ikiletwa wilayani omba kukaa nyuma usikilize. Sindano usishike. Bila usajili na leseni ya baraza ni kosa, hata nesi akikuomba.

Shule sasa. Unesi na utabibu wa ngazi ya kati vyote vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Kwa hiyo kati yako na chuo kuna Fizikia, basi. Rudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Tafuta mwalimu wa sekondari ya kata, mlipe kwa mwezi. Vyuo viko nyumbani: uuguzi Newala, Ndanda na Nyangao, utabibu Mtwara mjini na Lindi. Stashahada ni miaka mitatu, na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Soma mwongozo wa mwaka husika uone kama unaingia. Kati ya hivyo viwili, mimi kwako naona uuguzi. Aliye nyuma ya gari kwenye rufaa ni nesi, na MUHAS kuna shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi kwa siku utakapofika mbali.

Ila usiende shule kwa sababu ya yule mama. Nimewaona waliokwenda kulipa deni la marehemu. Mwaka wa kwanza wodini wanakutana na kifo kingine, wanaacha. Tibu usingizi kwanza. Ukiwa umelala vizuri na bado unataka, hapo nitakuamini.

Ukiona shule ni ndefu, udereva wenyewe una ngazi. Nafasi ya Dereva Daraja la II serikalini huomba cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kingine kinachotambulika kama NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na uzoefu usio na ajali. Kama hayo mafunzo huna, yafanye kabla mkataba haujaisha. Jisajili kwenye Portal ya Ajira, uwe unaingia mara kwa mara.

Mjomba na fuso yake simdharau, na wakwe zako hawajakosea kuhesabu. Mpaka mwezi wa kumi na mbili kaa ulipo, kwa sababu mtu asiyelala hatakiwi kukesha na tani za korosho barabarani, na kwa sababu vipimo, kikao na barua ya hospitali vyote vinapita kwa mfawidhi huyo. Mkataba ukiongezwa, baki. Usipoongezwa, nenda kwa mjomba bila aibu ubebe zitakazokuwa zimebaki, ila mpatane mapema: msimu ukifungwa fuso zinasimama, atakulipa nini wakati huo? Muulize mbele ya mkeo. Na katika hela ya kwanza utakayoshika, ya huku au ya huko, toa ada ya NECTA kabla hujalipa deni la dukani, maana usajili ukifungwa Fizikia inasogea mwaka mzima.